Bahari ya Lita 150 Chini ya Uluguru: Kumtunza Anemoni Nyumbani

Mama mkwe alishuka kutoka Mgeta na kiroba cha karoti, akaamkiwa, akapewa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa amesimama mbele ya tangi la kioo lililo pembeni mwa sebule. "Baba, hili ua mnalimwagilia maji ya chumvi?" Nikamwambia, si ua mama, ni mnyama. Akanitazama kwa jicho la mtu anayehisi anataniwa, na mkwe hataniwi. Basi nikashika kipande cha nyama ya kamba kwa koleo la plastiki, nikakigusisha kwenye minyiri. Kikanaswa, kikakunjwa, kikazama kinywani. Mama akarudi nyuma hatua mbili. Siku hizi akipiga simu huulizia wajukuu kwanza, kisha huulizia lile ua linalokula nyama.

Anemoni wa baharini ni ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo. Ana mguu mmoja wa kujigandisha mwambani, tundu moja linaloingiza chakula na kutoa uchafu, na minyiri yenye visindano vya sumu visivyoonekana kwa macho. Anemoni wa bahari za joto huongeza jambo moja linalobadilisha kila kitu kwa mfugaji: ndani ya nyama yake hukaa mwani mdogo mno, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Ndiyo maana unamlisha zaidi kwa taa kuliko unavyomlisha kwa kamba.

Kumweka Morogoro ni ukaidi kidogo, nakubali. Tuko karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam na mita 500 hivi juu ya bahari. Lakini inawezekana, na nakuandikia ili usirudie niliyoyafanya mimi. Nimeua anemoni wawili kabla ya huyu niliye naye, mmoja kwa maji, mwingine kwa pampu. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Kwa hiyo usishangae ukiona nusu ya mwongozo huu inazungumzia ndoo, madumu na chumvi kabla mnyama mwenyewe hajaingia nyumbani.

Kama hujawahi kufuga hata samaki, anza na samaki. Anemoni si wa mtu wa kwanza kununua tangi.

Chumvi gani, maji yapi

Kila ninayemweleza shida ya maji hunijibu, "Si utie chumvi tu?" Chumvi ya jikoni haifai. Lita moja ya maji ya bahari ina madini yapatayo gramu 35. Sehemu kubwa ni chumvi hii tunayoijua, lakini imo pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi, kila kimoja kwa kiasi chake, na mwili wa anemoni umezoea vyote kwa pamoja. Chumvi ya mashamba ya Bagamoyo nayo haikurudishii bahari, ingawa imetoka humo humo. Maji yanapokaushwa juani, kalsiamu hutangulia kuganda kabla ya chumvi yenyewe, na magnesiamu hubaki katika yale maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kinachokwanguliwa ni chumvi ya mchuzi. Ile ya dukani imeongezwa na madini joto juu yake.

Umebaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuchota bahari yenyewe. Ukiwa na ndugu mwenye gari linalorudi tupu kutoka pwani, mpe madumu. Tangi la lita 150 linataka madumu saba na nusu ya lita 20, na kila dumu lina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo usimwambie "nibebee maji kidogo" kisha umpe mzigo wa watu wawili. Achote siku za bamvu, maji yakiwa yamejaa, mahali pa wazi mbali na bandari na midomo ya mito. Masika aache kabisa. Ruvu unaomwaga tope kaskazini ya mji wa Bagamoyo ni haya haya maji yetu: mvua ya milima ya Uluguru imeshuka, imepita Ngerengere na vijito vingine, imekusanya udongo wa mashamba yote ya njiani, ikaingia baharini. Itakuwa kichekesho usafiri hadi pwani kuchota udongo wa Mgeta.

Madumu yawe mapya, au yaliyokuwa na maji ya kunywa tu. Lililowahi kuwa na mafuta ya taa, dawa ya shamba au sabuni halisafishiki kwa kazi hii hata ulioshe mara kumi. Maji yakifika, yachuje kwa kitambaa safi, yaweke gizani wiki mbili hivi ili vilivyo hai vidogo vife na kutuama, yachuje tena, kisha yapulizie hewa kwa pampu siku moja kabla ya kuyatumia.

Njia ya pili, ambayo mimi nimehamia kwa sababu ya mgongo, ni kununua chumvi iliyotengenezwa maalumu kwa matangi ya bahari na kuikoroga nyumbani. Kiasi ni gramu 35 hadi 38 kwa lita, kutegemea maelezo ya pakiti. Korogea kwenye ndoo au pipa la plastiki, kamwe usikorogee ndani ya tangi lenye viumbe, na uache pampu izungushe usiku kucha. Halafu pima. Unatafuta uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganisha na maji matupu. Kile kipimo cha bei nafuu chenye mshale unaoelea hudanganya kikishika povu au vumbi. Refraktomita, ile unayodondoshea tone na kuchungulia kwenye mwanga, ni ghali zaidi lakini utaishi nayo miaka.

Sasa maji baridi ya kukorogea. Hapa Morogoro kila chanzo kina hila yake. Maji ya bomba, ambayo kwa sehemu kubwa ya mji hutoka bwawa la Mindu, yametiwa klorini, na mvua kubwa zikinyesha huja na rangi ya chai. Klorini ya kawaida hutoka ukiyaacha wazi na pampu ya hewa siku nzima, ila mengine yaliyoyeyuka hubaki na kulisha ukoga wa kijani kwenye vioo. Maji ya kijito cha mlimani ni matamu kuyanywa, lakini yamepita kwenye miamba na mashamba na yamebeba kidogo kidogo cha kila mahali. Maji ya mvua ndiyo yaliyonidanganya mimi. Niliyaona masafi, bure, yanatiririka kutoka kwenye paa langu moja kwa moja hadi kwenye simtanki. Paa ni la mabati, na mabati yamepakwa zinki. Samaki anaweza kuvumilia zinki kidogo. Viumbe wasio na uti wa mgongo hawavumilii. Anemoni wangu wa kwanza alijikunja wiki ya pili, hakukunjuka tena.

Kinachofaa ni maji yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja kwa utando, ya aina ileile wanayotumia wauza maji ya kunywa. Nunua kipimo kidogo cha madini yaliyoyeyuka, kile cha umbo la kalamu, uende nacho dukani, uchovye kwenye maji yao. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, umepata muuzaji. Ukinunua maji ya chupa soma kibandiko, kwa kuwa mengine hurudishiwa madini ili yapate ladha.

Jambo la mwisho la maji ndilo dogo na ndilo linaloua polepole. Maji hupaa, chumvi haipai. Tangi likiwa na lita 120 halisi za maji (mawe na mchanga vimekula nafasi ya zilizobaki) na likapoteza lita 2 kwa siku, jambo la kawaida hapa wakati wa kiangazi, baada ya wiki moja umebaki na lita 106 zenye chumvi ileile, na gramu 35 kwa lita zimekuwa karibu 40. Mtu anaona maji yamepungua, anaongeza maji ya chumvi, anazidisha. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika. Kila asubuhi, kabla ya chai, jaza hadi kwenye mstari kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi unayatumia unapobadilisha tu: ondoa lita 15 kwa wiki, rudisha lita 15 za chumvi na joto lilelile. Uliyoyatoa usimwagie mchicha.

Miezi sita bila mnyama

Tangi liwe la lita 150 au zaidi. Dogo huonekana rahisi kulitunza, na kinyume chake ndicho kweli, kwani kosa dogo ndani ya maji kidogo ni kosa kubwa.

Mchanga wa mto usitumie. Mawe ya Uluguru yana ulanga, vile vipande vinavyometameta vilivyowahi kuchimbwa kwa biashara enzi za ukoloni, na mchanga wa mito yetu umejaa unga wa mawe hayo. Tumia mchanga wa matumbawe na mawe makavu ya matumbawe ya kale kutoka machimbo ya nchi kavu huko pwani. Mawe mabichi ya baharini yaache huko huko yalipo. Yapange yawe na nyufa na mapango madogo, yasitikisike, maana anemoni anapenda kuficha mguu ufani na kutoa minyiri nje.

Ukishajaza maji, hakuna cha kuweka. Tia punje chache za chakula cha samaki zioze. Uozo hutoa amonia, ambayo ni sumu; bakteria wa aina moja huzaliana na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu; wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo. Kazi hii huchukua wiki nne hadi nane. Watu wa Mgeta wanaijua hali hii kwa jina jingine: hupandi kwenye mboji ambayo haijaiva, hata kama kwa juu inaonekana nyeusi. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, weka samaki mmoja au wawili wadogo na konokono wa kula ukoga. Anemoni asubiri hadi mwezi wa sita. Vipimo vya wafugaji wa sato na kambale vinapatikana kwa urahisi zaidi mjini kwetu, ila soma kwanza kama vinafanya kazi kwenye maji ya chumvi, vingine havifanyi.

Joto, na usiku LUKU inapoisha

Anemoni wa bahari za joto anataka maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na zaidi ya hapo anataka zisipande na kushuka ovyo. Kuanzia Oktoba hadi Februari, sebule ya Kihonda au Mwembesongo mchana hupita 30 bila kutafutwa. Maji yakikaa juu ya 30 kwa siku kadhaa, anemoni huanza kuutapika ule mwani wake. Anapauka, kisha anakuwa mweupe. Ndicho kilichoyapata matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi: miamba ikageuka myeupe, na mingine haikurudi. Weupe huo unavutia macho, na wapo wanaowauza anemoni waliopauka, au hata waliotiwa rangi, kama aina adimu. Ni mnyama mwenye njaa.

Mashine ya kupoozea maji ipo, na bei yake itakufanya ufikirie upya mapenzi yako. Mimi natumia feni ya mezani inayopuliza juu ya maji, kifuniko kikiwa kimeondolewa na kuwekwa wavu. Maji yanayopaa huondoka na joto, na nyuzi 2 hadi 3 zinashuka. Utajaza maji zaidi asubuhi, basi. Tangi lisikae kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni wala kwenye chumba cha mabati matupu kisicho na dari.

Msomaji wa Mgeta au Bunduki ana mtihani tofauti. Juni na Julai baridi ya huko inaingia hadi kwenye mifupa, na tangi litahitaji hita. Nunua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikigoma kuzima, haitakuwa na nguvu ya kukupikia supu.

Umeme ukikatika, usihangaike na taa. Siku mbili za giza anemoni anazimudu. Kinachoua ni maji kusimama, kwa sababu hewa huingia majini pale uso wa maji unapotikiswa, na maji yakilala viumbe na bakteria humaliza hewa iliyomo ndani ya saa chache. Weka akiba pampu ya hewa inayotumia betri. Ndogo, haina gharama kubwa, inaweza kukaa droo moja na mishumaa. Mwenye sola au inveta aunganishe pampu ya kuzungusha maji peke yake, taa na hita ziachwe. Na ukiwa huna chochote, una jagi. Chota, inua juu, mwaga kwa kishindo, mara ishirini kila baada ya nusu saa. Nimewahi kukesha hivyo hadi adhana ya alfajiri. Tena aghalabu si umeme wa mtaa uliokatika: ni uniti za LUKU zimeisha saa saba usiku na hakuna aliyekuwa macho kuona. Ukiwa na tangi, LUKU haishuki chini ya kiwango cha siku tatu.

Dawa ya mbu nayo. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuipuliza ndani ya maji, pamoja na kila ulichopuliza kuua mbu. Tumia chandarua. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba, hata tone, isikaribie tangi hilo milele, na mikono inayoingia majini iwe haina sabuni wala losheni.

Kumpata na kumleta

Aina ninayokushauri ni yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama balbu ndogo. Wataalamu humwita Entacmaea quadricolor. Ni mwenyeji wa bahari zetu, kuanzia Bahari ya Shamu kupita pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki, na ndiye mvumilivu kuliko wenzake wakubwa. Yule mpana kama zulia, Stichodactyla haddoni, hula samaki wa tangi lako mmoja baada ya mwingine. Heteractis magnifica ni mzuri kupita wote, na hutembea tangi zima bila kuridhika. Waachie wenye matangi makubwa.

Usiende kumng'oa mwambani. Mbudya, Bongoyo na visiwa vyenzake karibu na Dar es Salaam ni hifadhi tangu mwaka 1975, Mafia ina hifadhi yake ya bahari tangu 1995, na huko kuchukua kiumbe ni kosa la jinai. Nje ya hifadhi pia, pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize kinachoruhusiwa. Sheria kando, anayeng'olewa kwa nguvu huchanika mguu na kufa baada ya wiki, na uliyempora ni nyumba ya samaki. Tafuta mfugaji ambaye wake amejigawa. Aina hii hugawanyika yenyewe, mmoja akawa wawili, na aliyezaliwa kwenye tangi ameshazoea taa na maisha ya kifungoni.

Unapomchagua, mtazame kinywa: kiwe kimefungwa. Minyiri iwe inanata ikiguswa, mguu umeshika kitu, rangi ipo. Abebwe na kijiwe alichokishika ikiwezekana. Mfuko wa plastiki uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya mfuko wa pili, ndani ya boksi la kuhifadhia baridi lakini bila barafu. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, safari iliyokuwa ikitulaza Chalinze imekuwa chini ya saa mbili, na mnyama anafika kabla maji hayajapata joto. Uliza masharti ya mizigo mapema. Ukija kwa basi, boksi likae nawe miguuni, lisiende kwenye buti.

Nyumbani, zima taa. Mwache mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, kisha mhamishie kwenye beseni safi na umdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone baada ya tone, saa moja na nusu hivi. Mweke ufani mwa jiwe, punguza kasi ya pampu, ondoka hapo. Atatembea. Anaweza kutembea usiku kucha, akapanda kioo, akajificha nyuma ya mawe siku tatu. Usimfuate na mkono. Wa pili kati ya wangu aliingia kwenye mdomo wa pampu usiku wa kwanza, nami asubuhi nikakuta maji kama uji. Kila mdomo wa pampu uvalishe sponji nene kabla hajafika.

Taa iwe ya matangi ya matumbawe, saa 8 hadi 10 kwa siku, na kwa wiki mbili za kwanza ipunguze makali. Jua la dirishani halisaidii: linaleta joto na ukoga. Mkondo wa maji uwe wa kuitikisa minyiri taratibu, kama upepo kwenye mtama, usimlaze upande mmoja.

Kumlisha na kumsoma

Wiki ya kwanza asile. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha, kipande cha ukubwa wa punje ya harage. Kamba mbichi, ngisi au samaki wa baharini, asiyetiwa chumvi wala kiungo. Ng'onda hapana. Sokoni kwa Chifu Kingalu uliza kamba waliogandishwa, wakate vipande nyumbani, wafungie kwenye friji. Kipande kikubwa atakimeza kwa tamaa, kisha baada ya siku moja atakitema kimeoza nusu, na uozo huo utaukuta kwenye kipimo cha amonia.

Siku moja utaamka umkute amesinyaa kama puto la jana, na uzi wa kahawia ukimtoka kinywani. Wengi hapa huomboleza kabla ya wakati. Anabadilisha maji ya mwilini na kutoa uchafu, na jioni atakuwa amejaa tena. Cha kuogopa ni kinywa kilicho wazi kinachoonyesha matumbo kwa siku nzima, mguu uliolegea usioshika chochote, na minyiri isiyonata. Ukiona vyote vitatu, ingiza pua karibu na maji. Anemoni aliyekufa ananuka, na harufu yake huikosei. Mtoe saa hiyohiyo kwa bakuli na ubadilishe robo ya maji, kwa sababu sumu yake itaondoka na samaki wote. Akiwa hai na unataka kumhamisha, usimvute. Elekeza mkondo wa pampu usoni pake hadi aamue kuondoka mwenyewe, au telezesha ukucha taratibu chini ya ukingo wa mguu. Vaa glavu, na usijiguse macho.

Watoto wataulizia Nemo. Samaki wa filamu ile ya mwaka 2003 si wa pwani yetu. Sisi tunao wengine: Amphiprion allardi, mweusi wa kahawia mwenye mikanda miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe uliopita mgongoni kutoka puani hadi mkiani. Anemoni mwenye balbu anapokelewa vizuri na yule wa kwanza. Wa pili kwa kawaida huchagua aina nyingine. Lakini anemoni hafi kwa kukosa samaki, na samaki mwenye pupa hummaliza anemoni mchanga kwa kumsugua usiku na mchana. Subiri mnyama ashike mahali kwanza.

Huwa namkumbuka anemoni mmoja wa Uskoti. John Dalyell alimchukua kwenye miamba ya North Berwick mwaka 1828, akamweka kwenye chupa ya kioo mjini Edinburgh. Alikuwa wa aina ya bahari za baridi, asiyehitaji mwani wala taa, na hakukuwa na umeme wa kukatika. Wakambadilishia maji ya bahari, tena na tena. Dalyell alifariki mwaka 1851, mnyama akapokelewa na wengine, wakamwita Bibi kwa Kiingereza chao, akazaa mamia, akafa mwaka 1887. Miaka 59 ndani ya chupa, kwa kubadilishiwa maji.

Wako akistawi, siku moja atajinyoosha upande huu na upande huu kama mtu anayevua shati linalombana, na baada ya siku chache utakuta wawili, kila mmoja na jeraha ubavuni. Usiwalishe siku hizo, usiwatenganishe kabla ya mwezi mmoja. Wa kwangu alipojigawa, nusu moja ilikwenda kwa jirani wa Kihonda aliyekuwa na tangi la mwaka mzima. Nilimpa na dumu la maji yangu, sponji mbili za pampu, na maelezo haya haya unayosoma. Wiki ya pili simu ikalia saa nane usiku. "Kaka, samahani kukuamsha. LUKU imeisha, nafanyaje?" Nikamuuliza kama jikoni kwake kuna jagi.